Ubao wa Alama Kumi na Tano

Tarehe 4 Februari

Kwako Chiriku,

Pokea salamu zangu, hata kama zimekaa kabatini miaka saba na zinanuka dawa ya nondo. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo yananung'unika kila nikipanda ngazi. Dada yako hajambo. Ameihamishia cherehani sebuleni, na shemeji yako siku hizi anakula sahani ikiwa mapajani. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili, wiki moja, na kila wakitaja jina langu wananirushia mate. Fundi viatu wa chini yupo pale pale, ila amestaarabika: ile nyundo iliyokuwa ikitutoa roho kutwa nzima ameiacha kabisa. Uzee humfunza adabu kila mtu.

Najua hukutarajia kuuona mwandiko huu. Na mimi sikutarajia kuuandika. Lakini kinyozi hajinyoi, na mimi siwezi kujikagulia ubao wangu mwenyewe.

Unaukumbuka ule ubao wa marehemu mwalimu wangu, wenye uzi mmoja uliovutwa juu yake na kidaraja kinachoteleza chini ya uzi. Ukikisogeza mpaka alama ya nane unapata sauti ile ile ya mwanzo, ila imepanda. Wewe ulijifunzia kuhesabu pale, kabla hujaenda shule. Basi ule uliliwa na mchwa, nikachonga mwingine mwaka ule ule ulioondoka. Sikuuwekea rula. Rula ni ya seremala, nilikuwa nikisema, fundi piano ana masikio. Nilisogeza kidaraja, nikasikiliza, nikakata alama kwa kisu, zote kumi na tano kwa siku moja.

Dada yako anasema huko makumbusho unakofanya kazi upo ubao kama huo, wa zamani sana, uliopimwa na watu wenye elimu yao. Nataka unilinganishie. Mwalimu wa kwaya ananitaka niipatanishe piano ya ukumbi kabla haujafunguliwa upya mwezi wa sita, na mtu mzima hukagua vifaa vyake. Ni hilo tu. Usidhani kuna jingine.

Mimi mjomba wako.


Tarehe 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mu wazima. Wape mapacha pole ya meno. Mimi sijambo, kazi ipo, chumba kipo. Barua yako ilikaa mezani siku nane kabla sijaifungua, kwa hiyo ukiona nimechelewa usiwalaumu watu wa posta.

Ni kweli, ubao upo. Uko rafu ya tatu ya stoo, kati ya filimbi ya mti yenye kijiti kinachoingia na kutoka kama pampu ya baiskeli, na gurudumu la chuma lenye meno, ambalo ukilizungusha na kuligusisha kipande cha karatasi ngumu linatoa sauti. Chini yake kuna sanduku la uma za sauti arobaini na tatu, zile za chuma ambazo ukizigonga zinavuma sauti moja, kila mmoja umegongwa namba yake, na nne hazipo. Vyote hivyo watu walivitengeneza ili wajue sauti mbili zinapatana kwa kiasi gani, na vyote havipigwi. Tangazo liko ukutani: HAKUNA KUPIGA CHOMBO. Kazi yangu ni kufuta vumbi kwa brashi, kupima urefu na upana, na kujaza kadi. Kwenye kadi ya ubao aliyenitangulia ameandika: kipimio cha upatanifu. Nilikaa nikiliangalia neno hilo, maana sisi nyumbani hatukupatana na wala hatukuwa na cha kupimia.

Miaka saba sasa sijaugusa uzi ili utoe sauti. Lisikushangaze hilo, ulinishauri mwenyewe.

Kulinganisha naweza. Ni kazi ya rula, haihitaji sikio. Tuma vipimo. Ila nikuulize, Mjomba, tangu lini ukahitaji ubao? Zamani uliingia ukumbini na spana ya kukazia nyuzi na uma mmoja mfukoni, basi.

Mpwa wako.


Tarehe 21 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba. Hapa hatujambo. Dada yako ana wateja mpaka mlangoni, kila mtu ameamua kuoa mwaka huu. Mapacha wanakitaka chumba chako wakifanye cha kuchezea. Nimewaambia bado kina mwenyewe. Wakaniuliza mwenyewe anarudi lini, nikawapa peremende.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Bahati mbaya karatasi inakaribia kuniishia, sina nafasi ya kulijibu. Na lile la kwamba nilikushauri mwenyewe, hilo nalo nimeliona.

Ndani ya bahasha kuna ukanda wa karatasi, ile dada yako anayokatia mitindo. Nimeulaza juu ya ubao na kuchora kila alama kwa penseli iliyochongwa vizuri. Uzi wangu una milimita mia tisa kutoka mwisho hadi mwisho. Usiniandikie mahesabu marefu, nijibu kwa neno letu. Nyuzi mbili zisipokaa sawa sauti inayumba, wa-wa-wa, na tulikuwa tukisema zinagombana. Ikitulia, zimepatana. Andika moja tu kati ya hayo mawili, nami nitafanya kazi kwa kulifuata.

Nyumba imekuwa kimya sana, Chiriku. Sikujua kimya kinaweza kuwa kingi namna hii.

Mimi mjomba wako.


Tarehe 18 Aprili
(Haikutumwa)

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimepima. Uzi wa huku una milimita elfu moja na mia mbili na wako mia tisa, kwa hiyo kila kipimo chako nakizidisha kwa nne na kugawa kwa tatu ndipo nakilaza kando ya ubao. Nimefanya mara tatu, siku tatu tofauti, kwa rula mbili. Alama zako tisa za kwanza zimekaa pale pale, hata unywele haupiti. Ya kumi imepungua milimita mbili. Ya kumi na mbili tatu. Ya kumi na tano imepungua sita. Uzi ukifupishwa sauti inapanda. Kwa hiyo kila unapokwenda juu, Mjomba, sauti zako zinapaa kupita mahali pake, na wewe hujui.

Ulizikata mwaka ule ule. Mwaka ule tulikuwa ukumbini, mwalimu wa kwaya amesimama na wanakwaya wake wote nyuma yake, umemaliza kazi, ukanitaka nijaribu. Nikacheza kutoka chini hadi juu. Nikasema, kwa heshima zote, "Mjomba, za juu zimepaa." Ukanitazama mbele ya watu wale wote ukasema, "Una sikio bovu. Katafute kazi nyingine." Hukusema kwa hasira hata kidogo. Ungekuwa na hasira ningesubiri ipoe.

Nami nilikuamini. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Tangu Mama alipofariki wewe ndiye uliyetulea, na wewe ndiye uliyekuwa kipimo cha kila kitu mle ndani. Ukisema uzi umekaa, umekaa. Ukisema sikio ni bovu, ni bovu. Nikaja kujificha kwenye stoo ambayo vyombo vyake havipigwi, ili kosa langu lisisikike tena. Jioni naweka maji jikoni, nakula nikiwa nimesimama, nalala. Nimeishi peke yangu miaka saba kwa sababu ya milimita sita ambazo hazikuwa zangu.

Na kuna jingine. Dada aliniandikia wiki iliyopita. Anasema nyundo ya fundi viatu inagonga kutwa mpaka vikombe vinacheza kabatini, na kwamba ukiitwa hugeuki. Anadhani umekuwa mkaidi.

Husikii, Mjomba. Nikikuandikia "zinagombana" nitakuwa nimekunyang'anya kazi yako kwa neno moja, kama ulivyoninyang'anya yangu. Kuna saa nataka kufanya hivyo. Nimeliandika neno hilo pembeni ya karatasi nikalitazama, na sikupata raha yoyote.


Tarehe 9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi. Msalimie dada na shemeji. Peremende nyingi zitawaharibia mapacha hata hayo meno mapya.

Nimelinganisha. Zinapatana.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Juni

Kwako,

Dada yako hajambo. Mapacha hawajambo. Salamu zimeisha.

Nilikwenda ukumbini na neno lako mfukoni. Siku mbili nzima. Nilibeba ubao, nikauweka juu ya kiti kando ya piano, na kila uzi wa juu niliukaza kwa kufuata alama zangu. Nikikwama natoa barua yako, nasoma lile neno moja, naendelea. Sijafanya kazi kwa furaha namna ile kwa muda mrefu. Nilipomaliza mwalimu wa kwaya akacheza kidogo, katikati tu, akafunga kifuniko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikarudi nyumbani nikapakua chakula sahani mbili, yangu na yako, kwa kusahau.

Kesho yake nikakumbuka nimeacha kitambaa changu cha kufutia. Nikarudi. Nikamkuta fundi mwingine, simjui, amefungua kifuniko na ameinamia nyuzi za juu. Za chini hakuzigusa. Mwalimu wa kwaya aliponiona akageukia dirisha akawa anatazama nje, na nje hapakuwa na kitu. Nikachukua kitambaa changu. Nilikaa nje kwenye ngazi za ukumbi mpaka yule fundi akatoka na begi lake, akanisalimu kwa kichwa kama unavyomsalimu mgonjwa.

Wewe ulijua. Mtu mwenye rula hawezi kukosea vile. Ulitazama ukanda wangu, ukaona, ukaniandikia uongo wa neno moja. Umenionea huruma. Huruma sikuiomba. Niliomba kipimo.

Niandikie namba. Zote. Tangu siku ile kuna jambo linanikaa kooni, na sitaliandika mpaka nizione.

Mjomba wako.


Tarehe 19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Natumaini dada na wanawe hawajambo, na kwamba unakula.

Ndani ya bahasha kuna barua ya tarehe 18 Aprili. Sikuituma. Namba zote zimo, na mengine ambayo hukuyaomba yamo pia. Isome hiyo kwanza, kisha urudi kwenye hii.

Nisamehe kwa lile neno. Lakini nawe uelewe. Mara ya mwisho nilipokuambia ukweli kuhusu nyuzi za juu nilipoteza nyumba. Ulitaka nikuambie mara ya pili, kwa barua, bila hata kukuona uso. Niliogopa, Mjomba. Nina miaka thelathini na moja na nilikuogopa wewe kama mtoto.

Sasa nikuambie nililolifanya. Barua yako ilipofika, nilisubiri wenzangu waende kula mchana. Nikautoa ubao rafu ya tatu nikauweka mezani. Uzi wake umezeeka lakini unavutika. Nikafunga macho. Nikaupiga mzima, nikaushika moyoni, halafu nikaanza kusogeza kidaraja taratibu kutafuta sauti ya alama ya kumi na mbili. Nikasogeza, nikapiga, nikarudi nyuma kidogo, nikapiga, mpaka kitu kikatulia ndani yangu. Sikuangalia chochote. Nilipofumbua macho kidaraja kilikuwa kimesimama juu ya milimita mia nne, pale pale walipoikata alama hiyo waliouchonga ubao. Nikarudia kwa alama ya kumi na tano. Mia tatu. Nikarudia tena na tena mpaka vidole vikauma, na nilikuwa nalia kwa sauti kubwa kuliko uzi.

Ndivyo msimamizi alivyonikuta. Nimepewa barua ya onyo yenye muhuri, inasema nimepiga chombo bila kibali. Ni karatasi ya kwanza katika miaka saba inayothibitisha kwamba nimepiga chombo. Nimeibandika ukutani chumbani kwangu.

Sikio langu si bovu, Mjomba. Halikuwahi kuwa bovu. Nakuomba uniambie wewe, kwa mkono wako. Najua tayari, lakini nataka litoke kwako.

Mpwa wako.


Tarehe 2 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba mwanangu. Dada yako hajambo, anakasirika tu kwamba tulimficha. Mapacha wameota meno, wanauma kila kitu.

Umeniomba niliandike, na nimechelewa wiki sita kwa sababu kila asubuhi nilianza na salamu nikaishia hapo hapo. Leo naanza na lenyewe. Sikio lako ni zima. Lilikuwa zima siku ile ukumbini, na ulichosema kilikuwa kweli tupu. Bovu lilikuwa langu. Nilikukosea mbele za watu, na mbaya zaidi, nilikukosea kwa utulivu, nikakuacha ubebe ugonjwa wangu ukaenda nao mbali. Naomba radhi. Sijui mjomba anamwombaje radhi mpwa wake, hatukufundishwa, lakini ndivyo ninavyofanya sasa hivi mezani.

Kwa daktari nilikwenda mwaka jana. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linaaga. Alisema lilianza kwa sauti za juu, miaka mingi nyuma, na kwamba mwenye maradhi haya huwa wa mwisho kujua. Nilipotoka kwake nilifikiri jambo moja tu: kama ni miaka mingi, basi ni mingi kiasi gani? Ndipo nikaukumbuka ubao niliouchonga bila rula. Nikakuandikia. Nilikudanganya kwamba ni kwa ajili ya piano. Kwa kweli nilitaka kujua kama nilimfukuza mtoto wa dada yangu kwa haki. Na uliponijibu kwamba zinapatana nilifurahi, Chiriku. Nisamehe na hilo pia. Nilifurahi kwamba ni wewe uliyekosea.

Jumapili iliyopita nilikwenda ukumbini wakati wa mazoezi. Niliomba nafasi nikasimama pale pale tuliposimama. Nikawaambia, "Miaka saba iliyopita mpwa wangu alisema nyuzi za juu zimepaa, na alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii." Baadhi yao walikuwepo siku ile. Mwalimu wa kwaya alinijibu maneno mengi kidogo, akiwa ameweka mkono kifuani. Sikuyapata, nikaitikia kwa kichwa. Baadaye akaniandikia kwenye karatasi kwamba piano ile inahitaji fundi wa kudumu, na je, wewe uko tayari. Nimemjibu kwamba mimi si msemaji wako.

Sitakuambia uje. Nimekuamulia mambo ya kutosha maishani. Kama kazi yako huko unaipenda, ifanye, nami nitaendelea kukuandikia, macho bado yananitosha. Lakini kama utakuja, uje kabla la kulia halijamaliza kuondoka. Za chini bado nazisikia kidogo, na sauti yako haikuwahi kuwa ya juu sana.

Na ukifika usipige hodi. Sitaisikia, nawe utasimama pale nje na mzigo wako ukidhani nimekukataa tena. Mlango siufungi tangu mwezi uliopita, dada yako ananigombeza kila siku kwa ajili hiyo. Usukume tu, uingie.

Mjomba wako.